Ukimaliza kujitolea Ujerumani usikimbilie Paris, shuka pwani

Asalaam aleikum, na upande ule Bwana asifiwe. Wazee shikamooni. Nimeambiwa nina nusu saa na kuna mzee pale nyuma kashika saa kabisa, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Nimeitwa nizungumze na nyie wadogo zangu mnaotaka kwenda kujitolea nje, hasa Ujerumani maana ndiko nilikokwenda mie, na waandaaji wameniambia niongelee kazi. Kazi nitaiongelea. Ila kusema ukweli kilichonileta hapa ni kitu kimoja, kwamba ukimaliza mkataba wako kule usikimbilie Paris kupiga selfi na ule mnara halafu ukapanda ndege ukarudi. Shuka pwani yao, ile ya kaskazini. Sisi watu wa Tanga tuna mambo yetu kule na wengi wetu hata hatuyajui.

Tuanze na safari yenyewe lakini. Habari ya kujitolea tumezoea ije upande mmoja tu, si ndio? Mwaka 1961, hata uhuru bado hatujapata, Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa duniani kupokea vijana wa Peace Corps toka Marekani, walikuja wapima ardhi na mainjinia wa barabara na wajiolojia. Toka hapo hadi leo niambieni shule gani ya hapa haijawahi kuwa na mzungu wa kujitolea. Sisi kwenda kwao ndio habari mpya. Serikali ya Ujerumani ilianzisha programu ya weltwärts mwaka 2008 ili vijana wao waje huku kwetu, na mlango wa sisi kwenda kwao ukaja kufunguliwa mwaka 2013 baada ya watu kulalamika kwamba hii barabara mbona ya kwenda tu.

Ukifika kule unaingizwa kwenye utaratibu wao unaitwa Bundesfreiwilligendienst, jina refu mtazoea, wenyewe wanasema BFD. Ulianza Julai 2011 waliposimamisha jeshi la lazima. Zamani kijana wa kiume akikataa kushika bunduki walikuwa wanampeleka kufanya kazi hospitali au kwenye nyumba za wazee, sasa jeshi la lazima lilipoondoka na hao vijana wakaondoka nalo, ikabidi watafutwe watu wa hiari, wao wenyewe kwanza na baadae na sisi wageni. Nawaambia hivi mjue kwamba mnakwenda kuziba pengo la kweli, hamjaalikwa chai.

Umri ni miaka 18 mpaka 28. Tiketi ya ndege, bima, chumba, chakula, kozi ya lugha, semina na pesa kidogo ya mfukoni vyote viko ndani ya programu. Huombi mwenyewe moja kwa moja, unapitia shirika la huku ambalo lina mwenzake kule. Kwa hiyo mtu akikufuata inboksi akakwambia toa milioni mbili nikuunganishe Ujerumani, mwambie ajiunganishe yeye kwanza. Na hiyo pesa ya mfukoni ni ya mfukoni kweli, sio mshahara, na hili lisemeni nyumbani KABLA hamjaondoka, maana mama akishasikia mwanangu yuko Ulaya basi paa la jikoni linavuja ghafla, mdogo wako anadaiwa ada, shangazi ana harusi, na wewe huko unahesabu sarafu za kununulia soksi nzito. Kaa nao chini uwaambie kiasi utakachokuwa unapata, watanuna wiki moja watasahau.

Mie niliwekwa nyumba ya wazee. Hutoi dawa, huchomi sindano, hizo ni za manesi waliosomea na sheria inakukataza. Yako wewe ni kupaka mkate siagi, kusukuma viti vya magurudumu, kucheza nao karata, kukaa nao. Na kuandika maji. Hapa kwenye maji nitakaa kidogo maana ndipo nilipoielewa kazi. Mtu akizeeka sana kiu haisikii tena, anaweza kushinda siku nzima hajanywa kitu, mkojo unapungua, kichwa kinachanganyikiwa, akisimama anaanguka. Kwa hiyo kila mzee ana karatasi yake, na kila anachokunywa unaandika saa ngapi na mililita ngapi. Kulikuwa na bibi mmoja ukimpa glasi ya mililita 200 anagusa mdomo tu anairudisha mezani, anakuangalia. Sasa ukiandika 200 umedanganya. Unakaa. Unamuongelesha habari ya mvua, na Kijerumani chako cha kuokoteza anakucheka, akicheka anagusa tena kidogo, unamuongelesha habari ya paka aliyekuwa naye zamani, anagusa tena. Umeshakaa pale mpaka wenzako wameenda kula, na mmefika 80. Unaandika 80. Nesi wa usiku akija anasoma 80 anajua pa kuanzia. Wapo vijana niliokuwa nao, wa nchi mbalimbali, waliona hii ni kazi ya kitoto, eti sikuja Ulaya kupimia watu maji. Hao walikuwa wanaandika 200.

Semina nazo msizidharau, kwa mwaka mzima ni siku 25, na huko ndiko mnakutana na wenzenu wanaotoka India, Bolivia, Ghana, na vijana wa Kijerumani wenyewe. Marafiki wa kutembea nao mtawapata semina, sio kazini.

Haya, kutembea. Hapa ndipo watu wanapiga hesabu za hewani. Mtu anasema nikimaliza mwaka wangu nitazunguka miezi mitatu. Miezi mitatu kwa kibali gani? Kibali chako cha kukaa kimefungwa na mkataba, mkataba ukiisha bima ya programu inaisha, chumba unarudisha funguo, na tiketi ya kurudi ina tarehe yake. Njia ni mbili tu. Ya kwanza siku zako za likizo, hizo ni haki yako na kila mkataba unazo, usizimalize zote kwa kulala wakati wa baridi. Ya pili ni siku chache mwishoni kati ya kumaliza kazi na kupanda ndege, na hizo unaziomba mapema sana, miezi kabla, ili tiketi ikatwe kwa tarehe ya mbele na kibali kiwe bado hai, halafu bima ya zile siku unanunua mwenyewe. Usitembee hata siku moja bila bima, kuvunjika mguu kule ukilipa mwenyewe utauza shamba la babu.

Usafiri. Kuna tiketi ya mwezi inaitwa Deutschlandticket, ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda 58 mwaka 2025, na toka Januari 2026 ni 63. Unapanda nayo basi zote za mjini na treni zote za mikoa nchi nzima, ila zile treni za kasi, ICE na ndugu zake, haikuhusu. Inajirudia yenyewe kila mwezi, ukitaka kuisimamisha lazima ufanye hivyo kufikia tarehe 10 ya mwezi, ukichelewa unakatwa tena, na wao kwenye tarehe hawana huruma. Kulala kuna hosteli za vijana, unajiunga uanachama kwa mwaka, na ni wao Wajerumani waliobuni hizi hosteli, mwalimu mmoja wa shule alilipata wazo mwaka 1909 alipokuwa anatembeza wanafunzi na mvua ikawakamata.

Sasa anzia Hamburg. Pale mtoni, bandarini. Dar na Hamburg ni miji dada toka 2010, lakini sio hiyo nataka muone. Nataka mtu wa Tanga asimame pale bandarini akumbuke mkonge. Dokta Hindorf, yule Mjerumani aliyeuleta mkonge huku, alinunua miche Florida, kama elfu moja hivi, ikapitia Hamburg, na mwaka 1893 ilipofika Tanga iliyokuwa bado hai ni 62 tu. Mashamba yote yale mnayoyaona ukitoka hapa kwenda Muheza na Korogwe, yale makambi ya waliokuja kukata toka mikoa ya mbali, yote yametoka kwenye miche 62. Na meli zilizokuwa zinakuja huku zilikuwa za Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoundwa hapo hapo Hamburg mwaka 1890. Tembea kidogo mpaka Afrikahaus, ni jengo la mwaka 1899 lilikuwa la wafanyabiashara wa meli wa ukoo wa Woermann, mlangoni kuna sanamu la shujaa wa Kiafrika kasimama na ndani kuna tembo wakubwa. Watu wanapita na kahawa zao mkononi hawaangalii hata. Wewe simama uangalie.

Toka Hamburg treni ya mkoa inakufikisha Cuxhaven kwa tiketi ile ile, kama masaa mawili. Na Cuxhaven, jamani, huko ndiko mtoto wa pwani anakojisikia yuko nyumbani na wakati huo huo anashangaa. Bahari yao inakupwa! Sio kidogo kidogo, inaondoka yote, unabaki mchanga na tope mpaka macho yanapoishia. Wanaita Wattenmeer, inaanzia Uholanzi inapita Ujerumani mpaka Denmark, karibu kilomita 500 za pwani, na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2009, sehemu ya Denmark ikaongezwa 2014. Na watu wanatembea juu yake, wanatoka ufukweni kwa miguu wanakwenda kisiwa kinaitwa Neuwerk zaidi ya kilomita kumi baharini! Wengine walikuwa wanapanda magari ya farasi yaliyoinuliwa juu ili maji yasiwafikie.

Mie nilikwenda kwa miguu. Chini ni ubaridi ambao siwezi kuwaelezea, hata kiangazi, halafu kila mahali kuna vile vifundo vya mchanga vya minyoo, kama ile ambayo wavuvi wetu wanachimba kwa chambo, nikamwambia kiongozi wetu hii naijua, akafurahi akaichimba moja akaniwekea mkononi kama zawadi. Nikamuuliza leo ni bamvua, yale maji makubwa, au maji mafu, yale madogo. Tukaanza kuelezana, yeye na kijitabu chake cha majedwali ya maji na mie na mwezi wa babu yangu mvuvi, na tukakubaliana vizuri tu, maana kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kwao na kwetu, mwezi ni mmoja. Wale wenzangu watatu wa bara walikuwa wanatuangalia hawaelewi kitu. Lakini msiende peke yenu, nasema kwa msisitizo, hata kama wewe umezaliwa Mwarongo na unajiona samaki. Katikati kuna mikondo inajaa kwanza nyuma yako wakati mbele bado pakavu, na ukungu ukishuka huoni hata miguu yako. Njiani kuna vizimba vimewekwa juu ya nguzo ndefu na ngazi, aliyezidiwa na maji anapanda anakaa humo asubiri kuokolewa, na havikuwekwa pale kwa mapambo. Lipia kiongozi mwenye leseni, ni euro chache.

Halafu kutoka hapo hapo Cuxhaven kuna meli ya Helgoland. Hii ndiyo niliyokuwa nataka kufika.

Helgoland ni kijisiwa, jiwe jekundu limesimama katikati ya bahari, ukikizunguka chote kwa miguu hata jua halijasogea. Hakuna magari, hata baiskeli zimekatazwa. Watu wanaoishi pale hawafiki elfu mbili. Ukitembea juu ya ukingo mpaka mwisho wa kaskazini unakuta nguzo ya mwamba imebaki peke yake inaitwa Lange Anna, mita 47, na kuta nzima za mwamba zimejaa ndege wa baharini wanapiga kelele na, samahani wazee, wananuka vibaya sana. Ng'ambo kidogo kuna kisiwa cha mchanga kinaitwa Düne, sili, wale wanyama wa baharini, wamelala ufukweni kama magogo, sheria ni ukae mita 30 mbali nao. Watalii wa Kijerumani wanakwenda kununua manukato na sigara maana bidhaa pale hazina kodi, wanarudi na mifuko.

Na wengi wao ukiwaambia unatoka Tanzania wanakwambia, ooh, hiki kisiwa si ndio tulibadilishana na Zanzibar! Kama wanaongelea kuku na bata. Mie nilikuwa naambiwa hivyo hata na wazee wangu kule kazini, wanacheka. Sasa msikilize, ili na nyie mkiambiwa muwe na la kujibu. Zanzibar haijawahi kuwa ya Ujerumani hata siku moja, ilikuwa na Sultani wake. Mkataba ulisainiwa tarehe 1 Julai 1890 Berlin. Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya Uingereza, ikaachia na Witu kule karibu na Lamu, na ikaacha madai yake ya Uganda. Ikapewa Helgoland, ambayo Waingereza walikuwa wameishika toka 1807, na kile kipande chembamba kirefu cha ardhi cha Caprivi ambacho leo kiko Namibia. Na ukanda wa pwani yetu, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar, ambao kampuni ya Wajerumani iliukodi kwa Sultani mwaka 1888, ukachukuliwa moja kwa moja, Sultani akalipwa marki milioni 4. Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, alikuwa ameshanyongwa pale Pangani Desemba 1889, hata mwaka haujaisha.

Kwa hiyo lile jiwe sio hadithi ya Zanzibar peke yake, ni hadithi ya hapa tulipokaa. Na hakuna aliyemuuliza mtu wa Pangani, na hakuna aliyemuuliza mtu wa Helgoland pia, hao nao walilala Waingereza wakaamka Wajerumani. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza wakarudi tena, wakakusanya mabomu na baruti iliyobaki, tani 6,700, tarehe 18 Aprili 1947 wakalipua kisiwa. Wenyeji walikuwa wameshahamishwa. Ukitembea leo unaona upande mmoja umebonyea, hilo ni shimo la mlipuko wameliotesha majani wamelijengea. Wenyeji walirudishiwa kisiwa chao tarehe 1 Machi 1952. Nilikaa na mzee mmoja wa pale benchini, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga, akanyamaza halafu akasema basi sisi wawili tulikuwa kwenye karatasi moja. Nikamwambia ndio baba, na tulilipiwa bei tofauti. Alicheka mpaka akakohoa.

Hayo mazungumzo nisingeyapata kama ningekuja mtalii wa wiki moja, kwanza kile Kijerumani nilikipata kwa yule bibi wa mililita 80. Ndio maana nawaambia kazi kwanza, pwani baadae.

Upande wa pili, Bahari ya Baltiki, nitapita haraka maana mzee wa saa ananiangalia. Huko maji hayapwi wala hayajai, au kidogo mno, kwa sababu bahari yenyewe imefungiwa, milango ya kuingilia kule Denmark ni myembamba. Na chumvi hafifu, mie niliona kama bwawa lenye mawimbi. Warnemünde kuna mnara wa taa wa mwaka 1898 unaruhusiwa kupanda, na fukwe zimejaa vile viti vya kikapu vyenye paa, fundi mmoja wa Rostock alivitengeneza mwaka 1882 kwa ajili ya mama aliyekuwa anaumwa baridi yabisi na bado anataka kukaa ufukweni. Kwa upepo ule nilimuelewa yule mama. Kisiwa cha Rügen kina majabali ya chokaa meupe, Königsstuhl ni mita 118 juu ya maji, na kuna Prora, mijengo ya Wanazi imenyooka kilomita nne na nusu ufukweni, ilikuwa ya watu elfu ishirini kuja kupumzika na haikuwahi kutumika kwa hiyo shughuli. Sehemu nyingine imegeuzwa mahoteli sasa. Mie sikupapenda, lakini nendeni mjionee.

Jingine la huko, na nalisema mbele ya wazee kwa heshima zote, mkiona kibao ufukweni kimeandikwa herufi FKK, hapo watu hawavai kitu. Kabisa. Wazee kwa vijana, wanasoma magazeti zao. Mie na mtandio wangu nilishtukia nimeshafika katikati, hakuna aliyenitazama, ni mie tu nilikuwa naangalia angani mpaka nikajikwaa. Geuza tu njia, kuna fukwe nyingine pembeni. Na kwenye miji hii ya pwani karibu yote utatozwa ushuru mdogo wa mgeni kwa siku, weka kikaratasi chake, wanakagua.

Meli nyingi za Helgoland zinatembea Aprili mpaka Oktoba, wakati wa baridi chache, kwa hiyo kabla hujasaini angalia mkataba wako unaisha mwezi gani. Ukiisha katikati ya baridi basi tumia likizo ya kiangazi, usiseme nitaona mwishoni.

Nimemaliza. Wenye maswali ya viza na fomu muone dada pale mlangoni mwenye faili la kijani, mimi niulizeni ya kazi na ya bahari. Na wewe kijana wa kofia nyekundu uliyekuwa unacheka kwenye FKK, wewe ndio uanze.